Ile D ya Jumatano

Jumanne, 1 Novemba 2016

Mvua tangu alfajiri. Imla ya asubuhi: kumi na saba kati ya ishirini. Jana kumi na nane.

Kila siku binti yangu Chizuru ananisomea maneno yale yale ishirini ya Kiingereza, nami nayaandika nyuma ya kalenda ya zamani. Leo February imenitoka. R ya kwanza imepotea, kama ilivyowapotea watoto niliowafundisha miaka thelathini na minane. Chizuru aliyazungushia duara jekundu yaliyo sahihi, mengine akayapita bila neno. Ni mpole. Sijui alijifunza kwa nani.

Aliacha nyumba yake Osaka tangu kiangazi aje aniuguze. Ni tumbo. Daktari anasema mwaka mpya nitauona, labda. Maua ya mcheri ya Aprili, hapana.

Saa nne akaja Fukuma, sauti yake ikafika kabla yake. Ana miaka sitini na sita, naibu meya mstaafu, lakini mimi bado namwona na kamasi zake za darasa la kwanza la sekondari. Shule yetu itafungwa Machi, watoto wamebaki kumi na mmoja. Wanafunzi wa zamani wameamua kusimamisha jiwe langoni. Juu yake neno moja kubwa: WEDNESDAY. Chini yake ule wimbo wa kulikumbuka, mapigo sita: we-do-ne-su-da-yi. Kisha: "Mtunzi, Mwalimu Katsube Shigenori."

Nilikataa. Nilikataa mara tatu! Lakini kwetu mtu mwenye adabu hukataa mara tatu ndipo akubali. Fukuma alihesabu, akainama mpaka paji la uso likagusa mkeka. "Asante, Mwalimu. Tulijua hutatuangusha."

Kulikuwa na nafasi ya kukataa mara ya nne. Niliiona. Ikapita.

Nikauliza nani atachonga.

"Karakana ya akina Nagami. Bi Sayo mwenyewe atachora herufi. Si unamkumbuka? Wedo wetu!" Akacheka. "Wanasema alipewa jina hilo kwa kuupenda mno wimbo wako."

Wanasema. Nani aliwaambia? Nadhani ni mimi.

Alhamisi, 3 Novemba

Sikukuu ya Utamaduni. Chizuru ameenda kununua chaza wa ziwani wa supu. Niandike kabla hajarudi.

Oktoba 1958. Nilikuwa na miaka ishirini na minane. Niliwapa darasa la pili imla: siku saba za wiki, miezi kumi na miwili, na neno beautiful. Ishirini. Ndiyo hayo hayo ninayoandika kila asubuhi. Watoto walikuwa thelathini na tisa. Wengi walipata kumi, kumi na mbili. Wednesday iliwashinda wote.

Wote isipokuwa Nagami Sayo. Miaka kumi na mitatu, binti wa mchonga mawe, aliyekuja shuleni na vumbi jeupe kwenye nyusi. Ishirini kwa ishirini.

Sikuamini. Nikamwita mbele. "Nagami, ulimwangalizia nani?"

"Sikumwangalizia mtu, Mwalimu."

"Basi tueleze ulijuaje."

Akaanza kugonga meza yangu kwa kifundo cha kidole, akaimba. We, do, ne, su, da, yi. Alizisoma herufi za Kiingereza kama tunavyosoma lugha yetu, kila moja na sauti yake, hakuna iliyoachwa nje. Fe-bu-ru-a-ri. Be-a-u-ti-fu-lu. Mpigo ulikuwa wa nyundo ya baba yake. Akaeleza hata l na r, ambazo ulimi wetu hauzitofautishi kabisa: l ni tindo mpya, ile ya kuchongea jiwe, imesimama wima, r ni tindo iliyopinda ncha kwa kupigwa sana. Alikuwa ameifikiria peke yake kule karakanani, huku akimshikia baba yake jiwe.

Nilicheka.

Niandike vizuri. Mimi ndiye niliyeanza. Watoto walikuwa kimya, walikuwa wanasikiliza. Wawili watatu walikwisha anza kugonga meza pamoja naye! Nilipocheka ndipo nao wakacheka. Nikasema: "D haisemwi, Nagami. Isiyosemwa haisemwi. Wewe nani uiamshe?" Haikunitosha. Nikasema: "Bi Wedo, ukifika London na matamshi hayo watadhani una jino bovu." Darasa likaanguka kwa kicheko.

Mimi mwenyewe nilikuwa sijawahi kukutana na Mwingereza hata mmoja.

Hakuimba tena. Hakusoma Kiingereza kwa sauti tena mpaka alipomaliza. Imla zake ziliendelea kuwa ishirini kwa ishirini. Kimya.

Mwaka uliofuata, ziara ya mwalimu nyumbani kwa wazazi. Baba yake aliuliza kama amwache aendelee na sekondari ya juu. Mtoto mwenyewe anataka, alisema, anataka awe mwalimu. Nilijibu: "Ana ulimi wa jiwe, bwana. Abaki na mawe." Baba mtu akacheka kwa heshima. Nyuma ya mlango wa karatasi palikuwa na kivuli. Kilisimama kidogo, kikainama, kikaweka trei chini. Mlango ukafunguliwa. Chai ilikuwa ya moto. Sayo alinikaribisha kwa mikono miwili.

Nilipoondoka baba yake alinipa kijiwe cha kukandamizia karatasi, amekichonga mwenyewe, laini kama yai. Ndicho kinachoshikilia ukurasa huu.

Chizuru amerudi. Nasikia mwavuli wake.

Ijumaa, 4 Novemba

Vijiko viwili vya supu. Vyote vilirudi. Imla hapana.

Jumapili, 6 Novemba

Ningependa iwe nimemaliza Alhamisi. Sijamaliza.

Mwaka 1962. Sayo alikuwa na miaka miwili tangu amalize, yuko karakanani. Mkaguzi wa mkoa alikuwa anakuja na darasa langu halijui hata siku za wiki. Jumatatu moja nilisimama mbele ya watoto, nikagonga meza kwa kifundo cha kidole. We, do, ne, su, da, yi.

Ndani ya wiki mbili wote walijua. Wote! Mkaguzi akaduwaa. Akauliza nimeipata wapi mbinu hii. Nikajibu: "Kwa uzoefu."

Maneno mawili. Ningeweza kusema "kwa mtoto wa mchonga mawe." Maneno matano, hayakuwa mazito.

Baadaye kikawa kijitabu cha mashine ya kurudufisha, kikaenda shule nyingi za mkoa. Nikapewa cheti, kikatundikwa ukutani. Rasimu yake ya kwanza bado ninayo, daftari la jalada la bluu, ndani ya kopo la majani ya chai. Ukurasa wa nne niliandika: "L ni tindo mpya, r ni tindo iliyopinda." Nikaangalia. Nikaikata "tindo" kwa mstari. Juu yake nikaandika "mwavuli". L mwavuli uliofungwa, r mpini wake.

Mengine yote naweza kuyaita udhaifu. Huu mstari hapana. Nilijua. Mji mzima ungesikia tindo ungejua ni ya nani. Mwavuli ni wa kila mtu. Si wanasema huku kwetu, sahau chakula chako, usisahau mwavuli? Hakuna aliyeuliza. Waliokuwapo darasani siku ile ya kicheko wengi walihamia Osaka, wengine wamekwisha zikwa. Na nani hukumbuka alichokicheka?

Miaka hamsini na minne nimekutana naye mtaani. Aliinama, nikainama. Hali ya hewa. Afya ya baba. Kisha pole kwa msiba wa baba. Kisha yeye, pole kwa msiba wa mama Chizuru. Alikichonga yeye kibao cha kaburi la mke wangu. Hakukosea hata mstari.

Nimemwambia Chizuru akigeuze cheti kielekee ukutani. Akauliza kwa nini. Nikasema jua litakifubaza.

Hatujaona jua siku sita.

Jumatano, 9 Novemba

Kwa lugha yetu ni siku ya maji. Kweli, mvua.

Fukuma ameleta karatasi ya mchoro, ndefu kuliko yeye, akaitandaza kwenye mkeka na kushikilia pembe kwa vikombe vya chai. Herufi za Sayo kwa brashi, ukubwa wa vile zitakavyochongwa. Nzuri mpaka nikasahau kusoma. Kisha nikasoma.

WENESDAY.

Nikasoma tena, herufi moja moja. Nane. D ya kwanza haipo.

"Mwalimu kanyamaza!" alisema Fukuma. "Zimemgusa."

Hakuona. Chizuru naye hakuona, alikuwa anatazama jina langu pale chini. Fukuma akasema nikague kwa nafasi yangu, nipige muhuri wangu pembeni, Jumatano ijayo wanakuja kuichukua na mchana ule ule tindo inaanza. "Kagua sawasawa, Mwalimu. Jiwe halina kifutio!"

Akaondoka huku anaimba we-do-ne-su. Naibu meya mzima.

Alhamisi, 10 Novemba

Amekosea? Ana miaka sabini na mmoja. Watu huzeeka, mimi leo nimepata kumi na tano.

Lakini chini ya neno ameandika wimbo, na wimbo uko kamili. We, do, ne, su, da, yi. Aliyeandika do pale chini hawezi kuwa amesahau D pale juu. Si yeye. Yeye aliyepata ishirini.

Basi ananiuliza. Miaka hamsini na minane baadaye, kwa brashi, mbele ya mji mzima, na hakuna anayesikia swali ila mimi.

Njia rahisi ipo. Kalamu ya risasi, D ndogo juu, mshale, muhuri. Mwalimu amesahihisha, asante Mwalimu. Jiwe linachongwa, jina langu linabaki, mimi nakufa na heshima zangu kabla ya theluji kuyeyuka.

Nilichukua kalamu. Nikapiga magoti kwenye mkeka, Chizuru alikuwa jikoni. Nilikaa hivyo mpaka miguu ikafa ganzi. Sikuandika D. Msinisifu! (Nani? Hakuna anayesoma.) Niliogopa tu kuchafua karatasi.

Jumamosi, 12 Novemba

Nilimpigia simu Sayo. Nilikuwa nimeandika maneno ya kusema, mistari mitatu, na nimeyasoma kwa sauti mara mbili.

Alipokea mwanawe. Mashine ya kukatia mawe inapiga kelele nyuma yake. "Mama! Mama! Ni Mwalimu wa mwavuli!" Kisha hatua zake, na mashine ikazimwa.

"Mwalimu. Nagami hapa."

Nikasema mvua imezidi mwaka huu.

Akasema imezidi.

Nikasema jiwe likilowa je, halisumbui kuchonga?

"Jiwe letu likilowa huwa laini, Mwalimu. Likikauka ndiyo shida." Akangoja. Nilisikia anangoja. Nikamshukuru, nikakata simu. Karatasi ya mistari mitatu ilikuwa mkononi mwangu bado.

Mchana Chizuru alikuwa anatafuta majani ya chai akafungua kopo silo. Akaja na daftari la bluu. "Baba, ni hiki kijitabu chako? Mwandiko wa ujana!" Akafungua, akafurahi, akageuza kurasa. Akafika ya nne. "Hapa ulikata nini? Tin... tindo? Kwa nini tindo?"

Nikasema nimechoka.

Akanitazama kidogo. Mama yake alikuwa ananitazama hivyo hivyo. Akaliweka daftari kando ya mto wangu, si ndani ya kopo.

Jumatatu, 14 Novemba

Daktari amekuja nyumbani. Alhamisi naingizwa hospitali. Alimweleza Chizuru ukumbini, chini chini. Sikusikia maneno, nilisikia kwamba Chizuru haulizi nitarudi lini.

Basi ni keshokutwa au kamwe.

Imla: kumi na mbili. August imekwenda, Thursday imekwenda. Wednesday ipo, yote, herufi tisa. Chizuru akacheka. "Hiyo Baba hutaisahau hata mbinguni." Aliniona nasogeza midomo. Sikumwambia kwamba sijawahi hata siku moja kuiandika bila kuimba kwanza moyoni. Na sauti inayoimba humo ndani si yangu. Ni ya msichana, ina vumbi.

Nimemwomba afute vumbi la sebuleni na anunue keki za maharagwe matamu, za dukani kwa kina Hino. Wageni watakuwa wangapi? aliuliza. Nikasema wawili.

Jumatano, 16 Novemba

Wamekuja saa tatu. Naandika chumba cha ndani, wao wako sebuleni, kati yetu ni mlango wa karatasi. Nimesema naenda kutafuta muhuri. Muhuri uko mkononi mwangu tangu asubuhi.

Niandike upesi.

Sayo amevaa kimono cha kijivu. Mikono yake mikubwa, kucha fupi, kovu kwenye kidole gumba. Aliinama, nikainama, kwangu ilichukua muda. Chizuru akaleta chai na keki. Fukuma alikula mbili kabla ya salamu kwisha.

"Muhuri tu, Mwalimu, tukuache upumzike. Gari la jiwe linangoja langoni."

Nikajikaza. Nikasema, "Sayo. Kuna herufi imepotea."

Fukuma akaruka. Akatambaa juu ya karatasi, akahesabu kwa kidole. We... do... "Ala! D! Bi Wedo, umeimeza D! Na mimi niliitandaza hapa mwenyewe!" Akacheka mpaka akakohoa makombo. "Haya, hata nyani huanguka mtini. Mwalimu wetu huyo, yuko kitandani na bado anatusahihisha!"

Sayo hakucheka. Alikuwa anatazama chai yake. Hajaigusa.

"Nilifundishwa kwamba haisemwi," alisema. Polepole, kwa heshima zote. "Isiyosemwa haisemwi. Nikaona basi ya nini kuichonga." Akainua macho. "Lakini Mwalimu akisema inasemwa, nitaichonga."

Nilifungua mdomo. Mbele ya Fukuma na Chizuru na picha ya mke wangu. Kilichotoka ni: "Ngoja nikatafute muhuri."

Aibu. Umri huu! Nimetambaa mpaka huku kama mtoto aliyejikojolea.

Nawasikia. Fukuma anamweleza Sayo—anamweleza Sayo!—namna ya kutofautisha l na r, asije akakosea tena. "Bibi, ni rahisi sana. L mwavuli uliofungwa. R mpini. Akili ya Mwalimu hiyo, sisi wengine tungeiwazia wapi?"

"Mwavuli," anasema Sayo. "Huku mvua ni nyingi, unafaa."

"Si ndiyo!"

Kikombe kinawekwa chini.

"Kwa baba yangu ilikuwa tindo."

"Tindo? Tindo gani?"

Fukuma anauliza tena, na sasa sauti yake imebadilika, ni ile ya mtu anayehesabu miaka. "Bi Sayo, wewe ulimaliza shule lini? Kijitabu kilitoka nikiwa mimi darasa la kwanza... wewe ulikwisha ondoka."

"Muulize Mwalimu."

Naona kivuli chake kwenye karatasi ya mlango. Mgongo umenyooka. Ndivyo nilivyokiona mwaka ule, ila siku ile aliyekuwa nyuma ya mlango akisikiliza ni yeye.

"Mwalimu?" Fukuma ananiita. Hacheki tena. "Mwalimu, tindo gani?"

Chizuru amekuja upande wangu wa mlango. Amechukua daftari la bluu kando ya mto, amelifungua ukurasa wa nne, amenipa. Ananyoosha mkono mwingine nimpe muhuri, nisiwe na cha kutafuta tena. Nimempa.

Sasa kuna kugonga. Ni Sayo, kidole juu ya meza. Pigo moja, la we, anaacha. Tena lile lile la we, anaacha. Pigo la pili halipigi, lile la D. Ameliacha wazi, anangoja